Kuchagua kadi ya grafiki ya kuchimbia kripto nyumbani bila LUKU kukumaliza

Wakuu, kila bitcoin ikipanda bei nafuatwa na watu wenye swali moja, nina milioni mbili au tatu hapa ninunue kadi gani nianze kuchimba nyumbani, na mimi huwa nawajibu kwa swali pia: yuniti moja ya umeme unanunua shilingi ngapi? Wengi hawajui. Wanajua bei ya kadi ya RTX 3080, wanajua kuna jamaa fulani alitengeneza hela 2021, ila bei ya yuniti ya nyumbani kwao hawana habari nayo. Nimechimba kwa muda chumbani kwangu hapa Dar, nimepata na nimepoteza, na kitu nilichokielewa kwa gharama ni kwamba kadi inachaguliwa na mita yako kabla haijachaguliwa na wewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia ukutani kwenye mita, Kariakoo tutafika baadaye.

HATUA YA 1: Jua yuniti yako ni shilingi ngapi kweli

Chukua meseji ya mwisho uliyonunua umeme wa LUKU, yaani ule wa kulipia kabla, toa kwanza makato ya kodi ya jengo na deni kama lipo, hela iliyobaki gawanya kwa yuniti ulizopewa. Kwa Tanzania mtu wa kawaida aliye T1, kundi la kawaida la bei za TANESCO, bei ni shilingi 292 kabla ya makato, ukiongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 unafika kwenye 356 hivi. Hiyo 356 iandike mahali, tutaitumia mpaka mwisho.

Sasa kuna wale wa D1, kundi la watumiaji wadogo wenye yuniti za bei nafuu, shilingi 100 ambayo na makato inakuwa 122, hao ndo huwa wananiambia mimi umeme wangu rahisi nitatoboa. Ndugu yangu sikiliza, ile bei ni ya yuniti 75 za kwanza kwa mwezi tu. Kadi moja inayokula wati 120 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 inakula yuniti 86, hiyo ni kadi peke yake hujahesabu friji wala pasi wala taa. Ukivuka 75, yuniti zinazofuata zinahesabiwa 350 kila moja kabla ya makato, yaani kama 427 kamili, ambayo ni ghali kuliko hata T1, na ukiendelea kuvuka unahamishiwa T1. Kwa hiyo D1 sio mtaji wa kuchimbia, itoe kichwani.

Wa Kenya nyie bei ya tokeni inachezacheza kila mwezi kwa sababu ya makato ya mafuta na ya fedha za kigeni, fanya ile ile, hela uliyolipa gawanya kwa yuniti, na chukua wastani wa miezi mitatu usichukue mwezi mmoja uliokuwa mzuri.

Kwa nini nalikazania hili? Angalia wanaochimba ukanda wetu huu kwa faida ni kina nani. Hifadhi ya Virunga kule Kongo walianza kuchimba bitcoin 2020 kwa umeme wa mto wanaozalisha wenyewe. Kenya kuna Gridless wanaoweka mashine karibu na mitambo midogo ya maji vijijini, wanatumia umeme ambao ungekosa mteja. Hao wote wamepeleka mashine umeme ulipo, hawajauvuta umeme wa gridi mpaka sebuleni kwa bei ya rejareja. Wewe na mimi tunashindana nao tukiwa na 356 mkononi, kwa hiyo hatuna nafasi ya kununua kadi mbaya hata moja.

HATUA YA 2: Jua kadi yako itachimba nini

Bitcoin sahau kabisa. Kadi za grafiki zilitamba kwenye bitcoin kuanzia 2010, ilipofika 2013 zikaja ASIC, mashine zinazofanya hesabu hiyo moja tu, na mchezo ukaisha. Litecoin na Dogecoin hivyo hivyo ni za ASIC. Monero nayo tangu mwishoni mwa 2019 inatumia RandomX ambayo imetengenezwa kwa ajili ya prosesa, kwa hiyo usinunue kadi kwa sababu ya Monero.

Iliyolisha kadi zetu miaka yote ni Ethereum, na Ethereum ilizima uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022 siku ya Merge, ilipohamia mfumo usiohitaji wachimbaji. Siku ile nilikuwa macho naangalia skrini, kadi zote duniani zilizokuwa zinachimba Ethereum zikahamia kwa mkupuo kwenye sarafu ndogo kama Ethereum Classic, Ravencoin na Ergo, na kwa kuwa malipo ya bloku (kifurushi cha miamala ambacho mchimbaji analipwa kwa kukifunga) hayaongezeki eti kwa sababu wachimbaji wameongezeka, keki ni ile ile walaji wamekuwa wengi mara kadhaa, mapato yakaanguka chini ya gharama ya umeme kwa watu wengi mno, wakiwemo wenye umeme rahisi kuliko wetu. Wengine walizima siku hiyo hiyo. Kwa hiyo video yoyote ya 2021 inayokuonyesha kadi moja inaingiza dola 4 na zaidi kwa siku, ni kweli ilikuwa inaingiza, ila sarafu iliyokuwa inalipa hivyo haichimbwi tena.

Zilizobaki kwa kadi ndo hizo, kila moja na algorithimu yake, yaani aina ya hesabu ambayo kadi inafanya: Ethereum Classic yenye Etchash (ila ujue nayo ina ASIC zake), Ravencoin yenye KawPow, Ergo yenye Autolykos, pamoja na sarafu mpya zinazozaliwa kila siku. Hizi mpya ndo zenye hela ya haraka na hatari ya haraka pia. Kaspa ilikuwa tamu sana kwa kadi, 2023 zikaingia ASIC na ndani ya muda mfupi kadi zikabaki hazina lolote. Unachotakiwa kujifunza hapo ni kwamba usinunue kadi kwa ajili ya sarafu moja, nunua kadi inayoweza kuhama.

Jambo moja watu hawalijui, kadi ile ile inakula umeme tofauti kutegemea algorithimu. Etchash na Autolykos zinafanya kazi zaidi na memori, kwa hiyo unaweza kuibana kadi ikatulia kwenye wati chache. KawPow inaikamua kadi nzima, joto linapanda, feni zinalia na mita inakimbia. Mtu anasema kadi yangu inakula wati 120 halafu akihamia Ravencoin anashangaa tokeni inaisha siku nne kabla. Ukipiga hesabu piga kwa algorithimu utakayotumia.

HATUA YA 3: Memori kwanza, spidi baadaye

Sarafu za ukoo wa Ethash, algorithimu iliyokuwa ya Ethereum, zina faili linaitwa DAG ambalo lazima lote likae ndani ya memori ya kadi, na faili hilo linakua taratibu kadiri bloku zinavyoongezeka. Mwishoni mwa 2020 DAG ya Ethereum ikavuka GB 4. Yaani kadi za GB 4, nzima kabisa, zinawaka, zikashindwa kuchimba kitu kinacholipa kuliko vyote.

Kuna rafiki yangu wa Mbagala mwanzoni mwa 2021 alipata RX 570 nne za GB 4 kwa bei ambayo aliniambia hata wewe ungeichukua, muuzaji alikuwa na haraka ya kuzitoa. Bila shaka alikuwa na haraka! Jamaa alikopa kwenye kikoba cha mama yake kuzinunua. Tukaziwasha usiku ule ule, programu inaandika memori haitoshi, tukajaribu draiva nyingine, tukatoa Windows tukaweka Linux, wapi. Tukaishia Ethereum Classic, ambayo mwishoni mwa 2020 ilikuwa imebadilisha utaratibu wa DAG yake kusudi kadi ndogo ziendelee kuingia, ila malipo yake kipindi kile yalikuwa madogo ukilinganisha na wenye GB 8. Hela ya kikoba alirudisha kwa kuuza zile kadi moja moja kwa vijana wa gemu, kwa hasara. Mpaka leo lile tukio linaniuma kwa sababu kuliepuka ilihitaji kusoma dakika kumi tu.

Kwa leo mimi nasema GB 8 ndo mwisho wa chini, na kama hela inaruhusu nenda 12, sababu nitaisema kwenye hatua ya tano.

HATUA YA 4: Angalia hashi kwa kila wati

Hapa ndo moyo wa jambo lenyewe. Hashi ni jaribio moja la ile hesabu, na megahashi ni majaribio milioni kwa sekunde. Watu wanauliza kadi gani ina hashi nyingi, swali sahihi ni kadi gani inatoa hashi nyingi kwa kila wati ninayoilipia. Nitakupa namba za Ethash kadi ikiwa imeshabanwa pawa vizuri, yaani imepunguziwa umeme kama nitakavyoonyesha hatua ya 8, ni za takribani na zinatofautiana kidogo kadi kwa kadi, ila zinakupa picha.

RX 580 ya GB 8 inatoa megahashi 30 kwa wati 120 hivi. GTX 1660 Super inatoa 31 kwa wati 75. RTX 3060 Ti na 3070 zinatoa 60 kwa wati 120, yaani mara mbili ya RX 580 kwa umeme ule ule. RX 6600 XT inatoa 32 kwa wati kama 60, kadi ndogo baridi haina makelele. RTX 3080 inatoa 98 lakini kwa wati 225, kubwa kweli, ila kwa kila wati inashindwa na mdogo wake 3070. RTX 3090 ni 120 kwa wati 290.

Sasa weka kwenye shilingi uone. Tuseme unataka megahashi 180. Njia ya kwanza unanunua RX 580 sita za mtumba kwa sababu ni rahisi, wati 720 za kadi, ongeza 80 za mazabodi, prosesa na vikorokoro, jumla 800, na pawa saplai nzuri inapoteza kama asilimia 10 njiani kwa hiyo ukutani unavuta 890 hivi. Kwa mwezi hiyo ni yuniti 640, mara 356, ni kama shilingi 228,000. Njia ya pili unanunua RTX 3070 tatu, wati 360 na zile 80, ukutani 490, yuniti 352, shilingi 125,000. Megahashi ni zile zile 180, sarafu unayopata ni ile ile, lakini mwenye kadi za bei rahisi analipa zaidi ya laki moja kila mwezi kwa TANESCO, kwa mwaka ni milioni moja na laki mbili. Ule urahisi wa dukani umeshaliwa na mita na bado ana feni 12 za kuhudumia, raiza sita (waya za kutolea kadi nje ya mazabodi), na chumba kama tanuri.

Ndo maana nasema mwenye umeme wa bure, mfano ana sola kubwa ya ziada au kamtambo ka maji, huyo anunue kadi za zamani za bei rahisi hana shida. Wewe wa LUKU nunua chache zenye ubora wa wati. Kadi mbili nzuri ni bora kuliko sita chakavu.

Na hii habari ya LHR, yaani kadi zilizowekewa kizuizi cha uchimbaji, kwa kuwa wauzaji bado wanaitumia kupandishia bei. Februari 2021 Nvidia walitoa RTX 3060 yenye kizuizi cha kuchimba Ethash, inakata spidi karibu nusu, baadae wakaweka kwenye 3060 Ti, 3070 na 3080 pia. Kizuizi kile kilivunjwa chote na programu za uchimbaji Mei 2022, miezi minne kabla ya Merge. Kwa hiyo leo mtu akikuongezea laki kwa maelezo kwamba hii ya kwangu haina LHR, mwambie asante na uendelee na safari.

HATUA YA 5: Piga hesabu ya kurudisha hela, na uihesabu bei ya kuuzia

Watu wengi wanachukua bei ya kadi wanagawanya kwa mapato ya siku wanasema baada ya miezi nane nitakuwa nimerudisha. Hapo umeme haumo, na wanasahau kwamba kadi mwisho wa siku ni mali unaweza kuiuza. Mimi napiga hivi. Bei ya kununua toa bei unayoamini utaiuza baada ya mwaka, kinachobaki ndo deni la kadi. Deni hilo gawanya siku 365. Ongeza umeme wa siku. Jumla hiyo ndo kiasi ambacho kadi lazima iingize kila siku ili uwe umetoka bila jeraha.

Mfano, tuseme umepata 3070 ya mtumba kwa 700,000 na unaamini mwaka ujao itauzika 450,000. Deni ni 250,000, kwa siku 685. Umeme, wati 120 za kadi zinakuwa 133 ukutani, yuniti 3.2 kwa siku, shilingi 1,139. Jumla 1,824. Nenda sasa kwenye tovuti ya WhatToMine au minerstat, chagua kadi yako, weka bei ya umeme kuwa sifuri ili uone mapato ghafi, yabadilishe kwa shilingi, toa asilimia 1 ya puli, halafu linganisha na 1,824. Puli ni kundi la wachimbaji wanaounganisha nguvu na kugawana, peke yako na kadi mbili utasubiri bloku mpaka uchoke.

Ukikuta mapato yako hayafiki hata ule umeme wa 1,139, na nakwambia kwa ukweli kwamba kwa siku nyingi tangu Merge ndo hali halisi kwa bei yetu ya umeme, usichimbe. Kuna watu watakwambia chimba kwa hasara tunza sarafu itapanda. Fikiria vizuri hapo: unachoma 1,139 ya umeme upate sarafu ya shilingi 700. Kama unaiamini sarafu hiyo, ile 1,139 ungeinunulia sarafu moja kwa moja, unapata ya 1,139 kamili na kadi haijachakaa. Kuchimba kwa hasara hakuna hesabu inayokutetea labda umeme usiwe wako, na umeme wa kuchepusha au wa ofisini kwa mtu mimi simo kabisa.

Na ndo hapa inakuja ile GB 12. Kwa kuwa faida ya kuchimba inakuja na kuondoka, kadi yako lazima iwe na kazi ya pili. RTX 3060 ya GB 12 kwa hashi kwa wati iko nyuma kidogo ya 3060 Ti, lakini inafanya Blender (programu ya michoro ya 3D), inakata video, inaendesha modeli za akili bandia ndogo ndogo nyumbani, vijana wa gemu wanaitaka, sokoni haikai. Mimi mwenyewe miezi ambayo hesabu inakataa kadi zangu zinarenda, yaani zinageuza michoro kuwa picha kamili, kazi za jamaa wanaofanya michoro ya majengo, na hiyo inalipa kuliko sarafu. Kinyume chake ni zile kadi zilizotengenezwa kwa uchimbaji tu, P106-100, P104-100, na CMP za 2021. Hazina tundu la kuchomeka skrini. Bei yake inavutia mno, ila siku uchimbaji ukikataa hakuna wa kumuuzia.

HATUA YA 6: Kununua mtumba bila kupigwa

Kadi iliyochimba sio lazima iwe mbovu, hili nalisema kwa sababu watu wanaogopa kupita kiasi. Kadi iliyobanwa pawa ikakaa kwenye joto lile lile mwaka mzima inaweza kuwa na afya kuliko ya mcheza gemu inayopanda na kushuka kila siku. Kinachochoka ni feni, pesti na pedi za joto.

Nenda na flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ipi hasa, na usikubali kununua kadi ambayo haijawashwa mbele yako. Angalia mambo haya. Jina na memori vinalingana na anachosema? Kuna kadi kongwe kabisa zimebadilishwa biosi (programu ya ndani ya kadi) zijiite GTX 1050 Ti, GPU-Z huwa inaziandikia kabisa kwamba ni feki. Kwenye RX 580 angalia idadi ya shedazi, yaani vikokotoo vidogo vya ndani ya chipu, ya kweli ina 2304, ikiandika 2048 hiyo ni RX 580 2048SP, ambayo kiukweli ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Niliwahi kuuziwa mbili za hivyo nikiwa na haraka jioni duka linafungwa, boksi limeandikwa RX 580 kubwa kabisa na ile 2048SP kwa maandishi madogo ubavuni, niligundua nikiwa nyumbani.

Halafu iwashe kwa mzigo dakika 20 hadi 30, usione aibu, ni hela yako. Sikiliza feni kama zinakwaruza, angalia skrini kama inatoa vidoti au mistari, maana hiyo ni memori inakufa. Inuse, ndio, harufu ya kuungua haifichiki. Geuza uangalie skrubu, stika ikiwa imetobolewa ilishafunguliwa, muulize kwa nini, kubadilisha pedi ni jambo jema ila kupasha chipu moto ili ifufuke ni kaburi. Na kwa mji wa pwani kama Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar angalia kutu kwenye mabano na meno ya PCI, hewa ya chumvi inakula vitu hivi kimya kimya.

Kwa RTX 3080, 3090 na 3070 Ti kuna ya ziada, zinatumia memori ya GDDR6X ambayo inachemka sana. Fungua programu ya HWiNFO usome joto la memori, sio la chipu. Ikigusa nyuzi 110 kadi inaanza kujipunguza spidi yenyewe. Chipu inaweza kuonyesha 62 ukadhani uko salama kumbe memori iko 108. Zinahitaji pedi mpya nzuri, ingiza gharama hiyo kwenye bei.

HATUA YA 7: Pawa saplai na waya, hapa nyumba inaungua

Hatua hii usiipunguzie hela hata kidogo. Chukua pawa saplai yenye nembo ya 80 Plus Gold kutoka kampuni inayojulikana, na jumla ya mzigo wako isizidi asilimia 80 ya uwezo wake kwa sababu haipumziki. Zile zilizoandikwa wati 1000 nyepesi kama karatasi ziache hapo hapo.

Raiza, yaani kale kawaya kanakoitoa kadi nje ya mazabodi, kanahitaji umeme wake, na kadi inaweza kuvuta mpaka wati 75 kupitia pale. Plagi ya SATA uwezo wake ni wati 54. Unaona tatizo? Watu wanatumia SATA kwa sababu zinakuja nyingi, mimi pia nilitumia, usiku wa manane nikaamshwa na harufu ya plastiki, plagi imeyeyuka imeshikana na raiza na ukuta wa nyuma umebaki na doa jeusi, mtoto alikuwa amelala chumba cha pili. Tangu siku hiyo ni plagi za PCIe za pini 6 tu kwenye raiza, na kila kadi na waya wake.

Ukutani soketi zetu ni ampea 13, lakini ile ekstensheni ya elfu tano haibebi hiyo kwa masaa 24. Mzigo wa wati 900 mfululizo weka soketi yake peke yake, muite fundi umeme aangalie waya uliomo ukutani ni wa milimita ngapi, hasa nyumba za kupanga. Mwambie na mwenye nyumba, mita ya kuchangia ikianza kukimbia mtagombana tu.

Umeme kukatika sio shida kubwa, shida ni unavyorudi kwa kishindo. Weka friji gadi ambayo inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu, ila soma ampea zake, nyingi ni ampea 5 ambayo ni wati 1,150 hivi, usipitishe zaidi.

HATUA YA 8: Ibane kadi, ipooze

Kadi ikitoka dukani imewekwa kwa ajili ya gemu. 3070 kiwandani ni wati 220, na kwa Ethash unaishusha mpaka 120 bila kupoteza spidi kwa sababu kazi iko kwenye memori. Kwenye Windows tumia MSI Afterburner, shusha kikomo cha pawa taratibu, shusha spidi ya chipu, pandisha ya memori kidogo kidogo, ukiona hashi batili zinaanza kutokea kwenye puli rudi nyuma. Kwenye Linux au HiveOS (Linux ya wachimbaji) amri ya nvidia-smi -pl 120 inatosha kuanzia. Usipofanya hatua hii zile hesabu zote za juu ni batili.

Joto la Dar Januari na Februari chumba chenyewe kiko 32 kabla hujawasha kitu. Usiweke AC kwa ajili ya mashine, AC itakula faida yote na zaidi. Fremu ya wazi, dirisha la kuingiza hewa na feni ya kutolea hewa upande wa pili, neti ya mbu kuzuia vumbi na mijusi, na kila wiki mbili puliza vumbi. Kama chumba ndo hicho hicho unacholala, kadi mbili ndo mwisho, nakusihi.

Kabla ya kuongeza kadi ya pili

Nunua moja. Nunua pia kale kamita kadogo ka kuchomeka kwenye soketi kanakosoma wati, maana programu inaonyesha wati za kadi tu, haionyeshi za ukutani. Iwashe mwezi mmoja kamili, andika kwenye daftari kila jumapili yuniti ilizokula na sarafu iliyoingia kwa bei ya siku hiyo. Programu pakua kwa watengenezaji wenyewe, za magrupu ya Telegram zimejaa virusi vinavyobadilisha anwani ya waleti. Hela usiiache kwenye puli wala kwa dalali, Desemba 2017 NiceHash, soko la kuuzia nguvu za uchimbaji, waliibiwa karibu bitcoin 4,700 na watu walisubiri miaka kulipwa. Na weka kumbukumbu za mauzo, sheria ya fedha ya 2024 Tanzania imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali.

Mwezi ukiisha chukua daftari, jumlisha mapato, toa yuniti mara 356, toa lile deni la kadi la kila siku. Ikibaki chanya nenda kachukue ya pili, na uchukue ile ile uliyoizoea. Ikibaki hasi zima uchimbaji, tafuta mtu mwenye kazi za kurenda au iuze ikiwa bado ina bei.